Gari la Doria: Chombo cha Kuundwa na Chombo cha Kuazima

Mpishi wa pwani akikosa kibao cha mbuzi aweza kuparura nazi kwa kisu, na mchuzi utapikika. Lakini kazi itakuwa ndefu, vidole vitakatwa, na tui litakuwa haba. Kibao cha mbuzi kilifanywa kwa kazi moja tu, nacho huimudu kazi hiyo kuliko chombo kingine chochote. Tena bei yake ni nafuu, wala si kwa sababu seremala ni mtu wa huruma, bali kwa sababu kila nyumba hukihitaji, na afanyaye kimoja ana yakini ya kuuza cha pili na cha kumi. Basi wema wa chombo ni jambo moja, na wingi wa wanunuzi wake ni jambo jingine. Katika kibao cha mbuzi mambo hayo mawili yamekutana, hata watu wakadhani kuwa ni jambo moja. Katika gari la doria la polisi yameachana njia, na kwa ajili hiyo historia ya gari hilo yastahili kuangaliwa na kila mtu apendaye kujua jinsi serikali zinavyotumia fedha za raia.

Swali lenyewe ni jepesi kuulizwa. Askari polisi hukaa ndani ya gari lake saa nane au zaidi kila siku. Hulala njiani kwa baridi na kwa jua, hufukuza wahalifu, huchukua watu waliofungwa pingu, husimama kandokando ya barabara kuu huku magari mengine yakipita kwa mbio karibu na mlango wake. Hata hivyo gari apewalo halikufikiriwa kwa kazi hiyo. Lilifikiriwa kwa ajili ya baba, mama na watoto wao kwenda sokoni na kanisani, kisha likatiwa king'ora na taa. Je, haifai polisi wawe na gari lililoundwa tangu msumari wa kwanza kwa kazi yao? Na likiwapo, je, laweza kununulika?

Ni ajabu kuona kwamba gari la kwanza la polisi lilikuwa la namna hiyo hasa. Katika mwaka 1899 mji wa Akron, katika jimbo la Ohio huko Marekani, ulipata gari lihesabiwalo na wengi kuwa ni la kwanza la polisi lenye kuendeshwa kwa mtambo. Alilibuni Frank Loomis, mhandisi wa mji huo. Lilikwenda kwa nguvu za umeme, mwendo wa maili 16 kwa saa, na liliweza kusafiri maili 30 kabla ya betri zake kutiwa nguvu tena. Uzito wake ulikuwa ratili 5,500, na gharama yake dola 2,400. Ndani yake mlikuwa na taa za umeme, kengele, na machela ya kuchukulia wagonjwa. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kumchukua mlevi mmoja barabarani. Mwaka uliofuata, mwezi wa Agosti, mji wa Akron uliingiwa na ghasia kubwa. Kundi la watu wenye hasira lilitaka kumtoa mtuhumiwa mikononi mwa polisi ili wamwue, na walipomkosa walichoma jumba la mji, na gari lile likatoswa katika mfereji. Hivyo chombo cha kwanza cha aina hii kilifundisha mapema kuwa gari la polisi si gari tu. Mbele ya macho ya raia ni sura ya serikali yenyewe, kwa heshima au kwa chuki.

Gari la Loomis lilikuwa la pekee kwa sababu wakati ule magari yote yalikuwa ya pekee. Hapakuwa na gari la kawaida la kuazima. Hali hiyo ilibadilika upesi. Kuanzia mwaka 1908 Henry Ford alitengeneza gari lake la Model T, na kwa kufanya mengi yaliyofanana aliweza kuishusha bei kutoka dola 850 hata chini ya dola 300 kabla ya gari hilo kuachwa mwaka 1927, baada ya kuundwa magari milioni 15. Hapakuwa na mhandisi wa mji awaye yote aliyeweza kushindana na hesabu hiyo. Mkuu wa polisi aliyetaka gari moja la kubuniwa aliweza, kwa fedha ile ile, kununua magari kadha ya dukani. Tangu siku hizo polisi wakawa waazimaji: wakachukua gari la raia na kulitia mambo yao.

Mambo yenyewe yaliongezeka mwaka hata mwaka. Huko Berkeley, katika California, August Vollmer alikuwa miongoni mwa wakuu wa mwanzo waliowapa askari wao baiskeli, kisha pikipiki, kisha magari, akiamini kuwa askari mwenye mwendo aweza kulinda mitaa mingi kuliko askari wa miguu. Mwaka 1928 polisi wa Detroit walifaulu kupeleka habari kwa simu ya upepo hata ndani ya gari lenye kwenda. Mwanzoni habari zilikwenda upande mmoja tu: askari alisikia, asiweze kujibu. Lakini hata hivyo maana ya doria iligeuka. Gari halikuwa tena njia ya kufika mahali. Likawa ni kituo kidogo cha polisi chenye magurudumu. Na kila kitu kilichoongezwa katika kituo hicho kilikula umeme, kilijaza nafasi, kiliongeza uzito, na kilidai mahali ambapo mwundaji wa gari hakuwa amepaweka.

Wenye viwanda waliona haja hiyo, wakaijibu kwa njia ya katikati. Mwaka 1950 Ford ilianza kuuza magari yenye vifaa vya polisi kutoka kiwandani, na baadaye Chevrolet na Dodge zikafuata. Gari lilibaki kuwa lile lile la raia kwa umbo, lakini lilipewa injini yenye nguvu zaidi, springi ngumu, breki kubwa, mtambo wa kutoa umeme mwingi, njia bora za kupoza injini, na saa ya mwendo iliyopimwa kwa uangalifu ili ushahidi wa askari usikataliwe mahakamani. Hili halikuwa gari la kuundwa, wala halikuwa la kuazima tu. Lilikuwa ni vazi la dukani lililopunguzwa na kushonwa upya na fundi. Njia hiyo ndiyo iliyotawala kwa muda wote uliosalia wa karne ile.

Gari lililokuwa kielelezo chake ni Crown Victoria ya Ford, ambalo gari lake la mwisho lilitoka katika kiwanda cha St. Thomas, Ontario, huko Kanada, mwezi wa Septemba 2011. Lilikuwa gari pana lenye injini ya silinda nane, na bodi yake ilipandishwa juu ya chesisi kama ya lori. Likigongwa, fundi aliweza kulinyosha na kulirudisha barabarani kwa gharama ndogo. Vipuri vyake vilipatikana kila mahali, kwa sababu viwanda vile vile vilifanya ndugu zake wawili, Lincoln Town Car na Mercury Grand Marquis, waliouzwa kwa matajiri, wazee, na wenye magari ya kukodi. Baada ya kumaliza miaka yake ya doria liliuzwa kwa mnada, na mara nyingi lilianza maisha ya pili kama teksi. Fedha za mnada huo zilirudi katika hazina ya mji. Kwa hiyo gharama ya kweli ya gari hilo haikuwa bei ya kulinunua, bali bei hiyo ikitolewa ile iliyopatikana wakati wa kuliuza.

Lakini chombo cha kuazima kina madeni yake. Gari lilipotoka kiwandani halikuwa tayari kwa kazi. Lilipelekwa kwa mafundi wengine waliotoboa paa lake kutia taa, wakatoboa ubao wake wa mbele kutia simu, wakaweka ukuta wa chuma kati ya askari na mtuhumiwa, wakapitisha nyaya chini ya mazulia. Siku ya kustaafu kwake vitu hivyo viling'olewa, na kazi ikaanza upya katika gari jingine. Askari aliyevaa mkanda wenye bastola, pingu na tochi alikaa juu ya kiti kilichopimwa kwa mtu asiye na kitu kiunoni. Ili kumfunga mtuhumiwa mkanda wa kiti ilimlazimu kuinama juu yake, akiiweka bastola yake karibu na mtu asiyemwamini. Na injini, iliyofanywa kwa ajili ya kwenda, ilinguruma bure muda mrefu wa siku ili taa na simu zisizimike.

Kulikuwa na deni zito kuliko hayo. Tangi la petroli la Crown Victoria lilikuwa nyuma ya ekseli. Kwa gari la familia, ambalo ni nadra kusimama ukingoni mwa barabara kuu, mahali hapo palivumilika. Kwa gari la polisi, ambalo kusimama hapo ni sehemu ya kazi yake, hatari ilikuwa ya namna nyingine. Askari kadha waliungua hata kufa baada ya magari yao kugongwa kwa nyuma na magari yaliyokuwa katika mwendo mkubwa. Idara ya serikali ya usalama wa barabara ilianza uchunguzi mwaka 2001, ikaufunga mwaka 2002 bila kuamua kuwa gari lilikuwa na kasoro ya uundaji. Hata hivyo Ford ilikubali mwaka huo kufunga kinga kuzunguka tangi katika magari ya polisi. Hapa ndipo hoja ya gari maalumu ilipopata uzito ambao hesabu za fedha peke yake haziwezi kuupima. Kama kazi ya askari ndiyo inayoleta hatari, ni haki gani kumpa chombo kilichopimwa kwa hatari za mtu mwingine?

Wawili miongoni mwa watu waliolichukua swali hilo kwa vitendo walikuwa William Santana Li, aliyekuwa mmoja wa wakuu katika kampuni ya Ford, na Stacy Dean Stephens, aliyepata kuwa askari polisi huko Texas. Mwaka 2003 walianzisha kampuni waliyoiita Carbon Motors, yenye shabaha moja tu: kuunda gari la polisi na kutouza gari jingine lolote, wala kumwuzia mtu asiye wa polisi. Gari lao liliitwa E7. Lilikusudiwa kuwa na injini ya dizeli ya silinda sita yenye nguvu za farasi 300, kudumu maili 250,000, na kustahimili kugongwa kwa nyuma kwa mwendo wa maili 75 kwa saa. Taa na king'ora viliingizwa katika umbile lake tangu mwanzo. Milango ya nyuma ilifunguka kinyume, ili mtuhumiwa aingizwe na kutolewa kwa urahisi, na chumba chake kilifanywa kwa plastiki ngumu iliyoweza kusafishwa kwa mpira wa maji. Viti vya askari vilichongwa ili mkanda wake wa kazi upate nafasi. Hakuna shaka kuwa waliolibuni walikuwa wamewasikiliza askari wenyewe.

Mwezi wa Julai 2009 kampuni ilitangaza kuwa gari litaundwa katika mji wa Connersville, Indiana. Kwa mji huo habari hiyo ilikuwa kubwa kuliko habari ya gari. Katika miaka ya 1930 ndiko yalikoundwa magari ya Cord, yaliyosifiwa kwa uzuri, na wakati wa Vita Kuu ya Pili viwanda vyake vilifanya bodi za Jeep. Kisha viwanda vikapungua, na mwaka 2007 kiwanda kikubwa cha kampuni ya Visteon kikafungwa. Jengo lilibaki tupu, na watu waliojua kazi ya chuma wakabaki mikono mitupu. Carbon Motors iliahidi kulijaza jengo hilo na kuleta kazi zaidi ya elfu moja. Mwezi wa Machi 2010 ilitangaza mapatano na BMW ya Ujerumani kununua injini za dizeli zaidi ya 240,000. Idara za polisi ziliandikisha majina yao kuomba maelfu ya magari.

Lakini jina katika daftari si fedha mkononi. Ili kuanza kazi kampuni iliomba serikali kuu ya Marekani mkopo wa dola milioni 310, kutoka katika mfuko uliowekwa kwa sheria ili kuvisaidia viwanda vya magari yatumiayo mafuta kidogo. Mwezi wa Machi 2012 ombi hilo lilikataliwa. Wenye kampuni walilaumu siasa, na si uongo kwamba siku zile zilikuwa mbaya kwa waombaji: mwaka 2011 kampuni ya Solyndra, iliyodhaminiwa na serikali ili itengeneze mitambo ya umeme wa jua, ilikuwa imefilisika, na maofisa waliogopa kuaibika mara ya pili. Kampuni haikupata mkopeshaji mwingine. Mwezi wa Juni 2013 Carbon Motors ilijitangaza mahakamani kuwa imefilisika. Gari la E7 lilionekana katika maonyesho, wala halikupata kwenda doria. Wafanyakazi wa Connersville waliokuwa wakingoja zaidi ya miaka mitatu waliambiwa kuwa hakuna la kungojwa tena.

Ni rahisi kusema kuwa gari lilikufa kwa sababu ya ofisa mmoja au siasa ya mwaka mmoja. Hesabu yasema kuwa lilikuwa mgonjwa kabla ya hapo. Mwaka 1959 George Maxcy na Aubrey Silberston, wanauchumi wa Uingereza, walikadiria jinsi gharama ya gari moja inavyoshuka kadiri kiwanda kinavyoongeza wingi. Kutoka magari 1,000 kwa mwaka hata 50,000 gharama hushuka kwa asilimia 40. Yakifika 100,000 hushuka tena kwa asilimia 15. Na yakifika 200,000 kwa asilimia 10 nyingine. Viwanda vimebadilika tangu hapo, lakini sura ya jambo haikubadilika. Na ichukuliwe, kwa mfano wa hesabu tu, kuwa kubuni gari jipya na kununua mashine za kuliunda kwagharimu dola milioni 500. Kiwanda kiuzacho magari 10,000 kwa mwaka kwa miaka mitano lazima kiongeze dola 10,000 juu ya bei ya kila gari ili kurudisha fedha hizo. Kiuzacho 200,000 kwa mwaka kitaongeza dola 500 tu. Tofauti hiyo haiondolewi na ustadi wa mhandisi wala kwa uaminifu wa mwenye kampuni.

Wanunuzi wote wa magari ya doria katika Marekani huchukua makumi ya maelfu kwa mwaka, na soko hilo tayari liligawanywa kati ya viwanda vikubwa. Tena wanunuzi wenyewe si mmoja. Nchi hiyo ina idara za polisi zipatazo 18,000, nyingi zikiwa na askari wachache, kila moja na baraza lake, bajeti yake, na desturi yake. Hakuna waziri awezaye kutia sahihi moja na kuagiza magari ya nchi nzima. Mwenye kiwanda aliyetaka kuwauzia wote ilimpasa kubisha mlango baada ya mlango.

Kulikuwa na kinyume kingine ndani ya wazo lenyewe. Gari lililosifiwa kwa kudumu maili 250,000 lingechukua mahali pa magari mawili au zaidi ya kawaida. Basi kadiri lilivyokuwa imara ndivyo wanunuzi wake walivyopungua kurudi dukani, na kadiri walivyopungua ndivyo bei ilivyolazimika kupanda. Kadhalika ahadi ya kutomwuzia raia, ambayo ilikuwa na hekima ya kuwazuia waovu wasijifanye polisi, iliondoa bei ya mnada ambayo miji ilikuwa imezoea kuihesabu. Na juu ya yote, mkuu wa polisi wa mji mdogo alijiuliza swali moja ambalo halikuwa na jibu: kampuni ikifa, mlango uliogongwa utanunuliwa wapi? Yaliyotokea mwaka 2013 yalionyesha kuwa aliuliza vyema.

Je, basi gari la kazi moja haliwezi kuishi? Historia ya teksi yajibu kuwa laweza, kwa sharti. Huko Kalamazoo, Michigan, kampuni ya Checker, iliyoanzishwa na Morris Markin, iliunda magari imara ya teksi kwa muda wa miaka sitini hivi. Madereva waliyapenda na abiria waliyapenda; lakini mwaka 1982 kampuni iliacha kuyaunda, kwa kuwa magari ya viwanda vikubwa, ingawa hayakufaa sana, yalikuwa rahisi zaidi. London ilikwenda njia nyingine. Huko sheria za teksi, tangu mwaka 1906, zililazimisha gari liweze kugeuka katika duara la futi 25, pamoja na masharti mengine ambayo magari ya kawaida hayakuyatimiza. Kwa hiyo teksi ya Austin FX4, iliyoanza mwaka 1958, iliundwa hata mwaka 1997. Haikuishi kwa kuwa ilikuwa bora kuliko Checker. Iliishi kwa kuwa sheria iliiwekea soko. Raia wa London walilipa gharama ya sheria hiyo katika nauli, nao waliridhia.

Mfano wa pili ni mchungu, nao watoka Afrika. Karibu na mwaka 1980 polisi wa Afrika Kusini walipewa gari liitwalo Casspir, jina lililofanywa kwa kuchanganya herufi za polisi na za baraza la utafiti wa sayansi la nchi hiyo. Tumbo lake lilichongwa mfano wa mkuku wa jahazi ili mlipuko wa bomu la ardhini upite pembeni. Lilikuwa gari la polisi lililoundwa kwa kazi yake hasa, na kwa kipimo cha uhandisi lilifaulu. Halikuhitaji kumshawishi mnunuzi, maana mnunuzi alikuwa serikali moja yenye hofu na hazina. Lakini kazi iliyoundiwa ilikuwa ni vita, na katika miaka ya 1980 liliingizwa mitaani mwa Waafrika, likapita kati ya nyumba za watu likiwa na askari waliotazama chini kutoka juu ya kuta za chuma. Mtoto wa Soweto hakuhitaji kuelezwa serikali ilimhesabu kuwa nani. Atakaye gari maalumu la polisi apaswa kwanza aulizwe, maalumu kwa polisi wa namna gani? Kwa maana gari lililofungwa kwa kazi moja humfunga askari wake pia katika kazi hiyo, na kosa la mbuni huwa desturi ya kikosi.

Katika Afrika ya Mashariki swali hili limejibiwa muda mrefu kwa desturi kuliko kwa hoja. Polisi wametumia Land Rover, iliyoanza kuundwa Uingereza mwaka 1948 kwa ajili ya wakulima, na baadaye Toyota Land Cruiser. Watu wa Tanzania wamelipa gari la doria jina la difenda, na lori la kuchukulia mahabusu karandinga. Lakini magari yenyewe ni yale yale yaliyobeba walimu, waganga na mabwana shamba. Hapo ndipo penye busara yake. Gari likivunjika springi mahali palipo mbali na makao makuu, fundi wa karibu alilijua kabla ya kulifungua. Nchini Kenya serikali ilianza mwaka 2013 kukodi magari ya polisi badala ya kuyanunua, ikigeuza gharama kubwa ya siku moja kuwa malipo ya miaka. Njia hiyo yaweza kusifiwa au kulaumiwa, lakini nayo yasimama juu ya msingi ule ule: akodishaye hupenda gari ambalo kesho laweza kutumiwa na mtu mwingine.

Huko Marekani nako gari la kuazima halikusimama pale lilipokuwa. Baada ya Crown Victoria, polisi wengi walihamia katika gari la Ford lililotokana na Explorer, ambalo raia hulinunua kwa wingi. Toleo la mwaka 2020 lilikuja na injini ya petroli iliyoungwa na mota ya umeme, hata gari likasimama likiwa limezima injini huku betri ikilisha taa na simu. Upotevu wa mafuta ambao E7 iliahidi kuupunguza kwa dizeli ulipunguzwa kwa njia nyingine, na gharama ya uvumbuzi huo ilichukuliwa kwa sehemu kubwa na wanunuzi wasio polisi. Yaonekana kwamba wazo la Carbon Motors halikuwa upuuzi. Lilikuwa kweli katika karakana na uongo katika daftari la hesabu.

Kwa hiyo maswali mawili ya mwanzo yana majibu mawili, wala haifai jibu moja kutumiwa mahali pa jingine. Gari la doria lililoundwa kwa kazi yake lawezekana. Akron ililiunda mwaka 1899, na mafundi wa leo waweza kuunda lililo bora mara mia. Kununulika ni jambo jingine, nalo hutegemea moja kati ya haya matatu: mnunuzi mmoja mwenye uwezo wa kuagiza kwa niaba ya wengi, au sheria iwekayo masharti ambayo gari la kawaida haliyatimizi, au kiwanda kikubwa kilicho tayari kugawa gharama kati ya polisi na raia. Carbon Motors haikuwa na hata moja. Njia ya pili ndiyo isiyojaribiwa vya kutosha. Miji ingeweza kuungana na kuandika masharti machache: tangi liwe mahali pa usalama, kiti kimpe askari nafasi, mtuhumiwa afungwe mkanda bila mtu kuinama juu yake. Viwanda vingeyafuata masharti hayo ndani ya magari yao ya kawaida, kama wenye teksi wa London walivyofuata duara la futi 25, na gharama ya kila sharti ingekuwa ndogo.

Hilo lisipofanywa, gharama haiondoki. Hubadilisha mlipaji tu. Mji uokoao dola elfu kadha katika bei ya gari waweza kuzilipa kwa mgongo wa askari aliyekaa vibaya miaka ishirini, au kwa mjane wa aliyeungua kando ya barabara. Na mji uahidio kila kitu kwa kampuni moja waweza kulipa kama Connersville ilivyolipa, kwa miaka ya kungoja. Ama Li na Stephens, walikuwa wamekwisha anza kazi nyingine mwaka ule ule wa 2013: kampuni ya kuunda mitambo ya ulinzi iendayo yenyewe, isiyo na kiti, wala mkanda, wala askari ndani yake.